Kinywe Ndani ya Chuma: Kwa Nini Kiswahili Kiende Kariobangi

Katika mijadala ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili, hakuna dai lililozoeleka kuliko lile lisemalo kwamba lugha hii haiwezi kuibeba sayansi. Dai hili hutolewa na wasiokitakia Kiswahili mema, na hilo si ajabu. La kusikitisha ni kwamba wapo hata miongoni mwetu wanaolikubali kimoyomoyo, wakatosheka na ushairi, riwaya na ngeli za nomino, na kuyaacha ya tanuri na mashine kwa wenye Kiingereza chao. Makala haya yanashikilia msimamo mwingine. Uwezo wa lugha hauthibitishwi kwa hotuba wala kwa maazimio ya kongamano. Huthibitishwa kwa kulichukua jambo moja gumu na kulieleza mpaka msomaji alielewe. Jambo nililolichagua ni lile linaloipata kaboni wakati chuma cha kusubu kinapoganda ndani ya kalibu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini hilo? Jibu ni kwamba jambo hili hutokea kila siku karibu nasi, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambayo wenyewe huiita Eastlands. Kariobangi, katika eneo la viwanda vidogo vidogo, vyuma vikuukuu huyeyushwa na kusubiwa upya. Kandokando ya Barabara ya Jogoo, bloki za injini zilizopasuka huchomelewa na dramu za breki hukerezwa. Kazi hizo zote huzungumzwa kwa Kiswahili, au kwa Sheng iliyojengwa juu ya Kiswahili. Vitabu vinavyozieleza ndivyo vilivyo kwa lugha nyingine.

Kosa la kalamu ya risasi

Tuanze na jina. Sote tumejifunza kuandika kwa kalamu ya risasi, ilhali ndani ya kalamu hiyo hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni aina ya kaboni, nyeusi na laini, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Katika karne ya 16, madini hayo yalipopatikana huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu waliyadhania kuwa namna ya risasi, na jina la makosa likasambaa katika lugha nyingi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kwamba ni kaboni. Miaka kumi baadaye, mwaka 1789, Abraham Gottlob Werner akayapa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika. Jina hilo ndilo tunaloletewa leo kwa sura ya "grafiti".

Lakini Kiswahili kina neno lake. Nchini Tanzania, ambako madini haya yamo ardhini huko Mahenge, Ruangwa na kwingineko, wachimbaji, magazeti na hata serikali husema "kinywe". Merelani, katika miamba itoayo tanzanaiti, vumbi la kinywe huwapaka wachimbaji weusi unaong'aa. Neno lipo, lina watu wake na lina kazi yake. Hata hivyo ni nadra kulisikia Nairobi, na mwanafunzi wa Kenya akitakiwa kulitafsiri neno la Kiingereza hukimbilia kulitohoa kabla ya kuuliza jirani anasemaje. Katika makala haya nitasema kinywe, na ninawaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo.

Yanayotokea ndani ya kalibu

Chuma safi huyeyuka katika nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, moto ambao si rahisi kuupata katika karakana ndogo. Kikichanganyika na kaboni kiasi cha asilimia 4.3, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 1,150. Hiyo ndiyo siri ya chuma cha kusubu. Kaboni hukifanya kiyeyuke mapema na kutiririka vizuri hadi katika pembe za kalibu. Kwa kawaida chuma hicho huwa na kaboni kati ya asilimia 2.5 na 4, pamoja na silikoni kati ya asilimia 1 na 3.

Kingali majimaji, kaboni hiyo huwa imeyeyukia ndani yake kama sukari ndani ya chai ya moto. Kikianza kuganda, fuwele za chuma huchipuka kwanza na kutanda kama matawi ya mti, na majimaji yaliyobaki katikati ya matawi hayo huzidi kujaa kaboni. Mwishowe hayo nayo huganda, na fuwele za chuma haziwezi kuihifadhi kaboni yote. Hapo pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kaboni kuungana na chuma chenyewe, atomu moja ya kaboni kwa atomu tatu za chuma, na kufanya kabidi. Chuma cha namna hii kikivunjwa, uso wake huwa mweupe. Ni kigumu mno, tupa haikiumi, keekee huvunjika juu yake, na kikianguka sakafuni huweza kupasuka kama chungu. Njia ya pili ni kaboni kujitenga na kukusanyika peke yake kama kinywe. Chuma cha namna hii kikivunjwa, uso wake huwa wa kijivu, na fundi akiupitisha kidole hubaki na weusi ule ule wa kalamu ya shule. Chuma ni kimoja, kaboni ni ile ile. Kinachotofautiana ni njia iliyofuatwa katika dakika chache za kuganda.

Ni nini basi kiamuacho njia? Mambo matatu: muda, silikoni na mbegu.

Kwanza, muda. Ili kinywe kikue, lazima atomu za kaboni zisafiri na kukutana. Chuma kikipoa upesi hazipati nafasi hiyo, nazo hunaswa papo hapo katika kabidi. Ndiyo maana kifaa kimoja kinaweza kuwa cha kijivu katikati, penye unene, na cheupe kwenye kingo nyembamba zilizopoa kwanza. Pili, silikoni. Katika mchanganyiko wa chuma na kaboni peke yake, njia ya kinywe hufunguka kwenye nyuzi 1,153 hivi, na ile ya kabidi kwenye nyuzi 1,147. Tofauti ni nyuzi sita tu, na chuma kinachopoa kwa kasi huzivuka kama mtu arukaye mtaro. Silikoni huipanua tofauti hiyo na kukipa kinywe nafasi. Kromi hutenda kinyume chake, huibana. Tatu, mbegu. Kinywe hakianzi pasipo kitu. Huanzia juu ya chembe ndogo sana za oksidi na za manganizi iliyoungana na salfa. Kwa hiyo wasubu wenye ujuzi hutia ferosilikoni kidogo katika majimaji muda mfupi kabla ya kuyamimina, na wasipofanya haraka faida yake hupotea katika dakika chache. Wenye Kiingereza huliita tendo hilo kwa neno la kidaktari, la chanjo. Sisi hatulazimiki kuufuata mfano huo, kwani hakuna maradhi yanayokingwa hapo. Ningependekeza tuseme "kupanda mbegu", maana ndilo linalotendeka.

Baada ya kuzaliwa, kinywe huwa na umbo. Muundo wake ni wa matabaka yaliyolazwa kama kurasa za kitabu, yenye mshikamano mkubwa ndani ya kila ukurasa na mshikamano hafifu baina ya kurasa. Penye salfa na oksijeni ndani ya majimaji, kinywe hukua kwa kupanua kurasa, kikawa vigamba vyembamba vilivyojikunja. Ukikitazama kipande kilichosuguliwa chini ya hadubini, utaona mistari meusi iliyotengana. Kwa kweli mingi kati ya mistari hiyo ni ya shina moja, kama majani ya kabichi iliyokatwa kwa kisu.

Ukiyasafisha majimaji hayo kwa magnesi, inayonasa salfa na oksijeni, kinywe hubadili tabia. Badala ya vigamba hukua vitufe. Chuma chenye vitufe huweza kupinda kabla ya kuvunjika, jambo ambalo chuma cha vigamba hakiliwezi. Ugunduzi huu si wa kale. Keith Millis aliufikia kwa kutumia magnesi nchini Marekani mwaka 1943, na mwaka 1948 Mwingereza Henton Morrogh alitangaza kuwa amevipata vitufe hivyo kwa kutumia seriamu. Kiasi cha magnesi kinachotakiwa kubaki ndani ya chuma ni kidogo, asilimia 0.03 hadi 0.05. Ugumu wa kazi ni kwamba magnesi huchemka kwenye nyuzi 1,090, ilhali chuma kinachongoja kumiminwa kina nyuzi 1,400 hivi. Kuitumbukiza ovyo ni kuita mlipuko.

Kinywe kinavyojibainisha kazini

Msomaji anaweza kudhani kuwa asilimia 3 ni kitu kidogo. Tufanye hesabu. Chukua kilo 100 za chuma cha kijivu chenye kilo 3 za kinywe. Lita moja ya kinywe ina uzito wa kilo 2.2 hivi, nayo lita moja ya chuma ina kilo 7.8. Kinywe basi kitachukua karibu lita 1.4, na chuma kilichobaki lita 12.4. Yaani kwa ujazo, sehemu moja kwa kumi ya kifaa hicho ni kinywe.

Hesabu hii inaeleza mambo mengi ambayo mafundi wanayajua kwa mikono. Metali nyingi hunywea zinapoganda na kuacha mashimo ndani. Chuma cha kijivu hunywea pia, lakini kinywe kinapozaliwa hutanuka na kulijaza pengo lile, mradi mchanga wa kalibu umeshindiliwa vya kutosha. Ukiwa umelegea, kuta za kalibu husukumwa nje na mashimo hubaki palepale. Vigamba vya kinywe huumeza mtetemo, na kwa hiyo vitako vya mashine za kukereza husubiwa kwa chuma hiki. Husaidia kupitisha joto na hulainisha msuguano, na kwa hiyo dramu na diski za breki hufanywa kwacho. Humkatia mkerezaji vinyoleo vifupi vifupi visivyojisokota kwenye kisu. Lakini vigamba hivyo hivyo ni kama nyufa zilizozaliwa na kifaa. Ukikigandamiza kifaa hicho, kitastahimili. Ukikivuta au kukipiga nyundo, ufa huanzia kwenye ncha ya kigamba na kukimbia hadi kigamba kingine. Fundi wa Kamukunji hulikunja bati la chuma atakavyo mpaka likawa jiko au sanduku, lakini hakuna anayeikunja dramu ya breki.

Elimu iliyo mitaani na elimu iliyo vitabuni

Mafundi wa Eastlands si wajinga wa mambo haya. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, lilionyesha kwamba kazi zilizodharauliwa za watu hawa zilikuwa na tija kubwa kwa uchumi. Serikali ikaja kulikubali hata jina lao la Kiswahili, jua kali, na kuliweka katika Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 1992. Fundi mzoefu huvunja kipande cha majaribio na kuitazama rangi ya mvunjiko kabla ya kumimina. Hujua kuwa bloki kuukuu za injini hutoa chuma kizuri, na kwamba akijaza nondo na mabati atapata kifaa kigumu kisichotoboleka, hata kama hajaambiwa kuwa amepunguza kaboni na silikoni. Mchomeleaji hodari huipasha bloki moto polepole kabla ya kuichomelea, kisha huifukia katika majivu au mchanga ipoe taratibu. Akiichomelea ikiwa baridi, joto hunyonywa upesi na chuma kinachouzunguka mshono, kaboni hunaswa katika kabidi, na siku ya pili ufa mpya huonekana kandokando ya ule wa kwanza.

Ujuzi huu hupitishwa kwa amri: fanya hivi, usifanye vile. Sababu haisemwi, kwa kuwa sababu imefungiwa katika lugha ambayo mwanagenzi hakuimudu shuleni. Matokeo yake ni hasara. Akikutana na hali mpya ambayo bwana wake hakumwonyesha, hana pa kushika. Akipewa vipande vyenye kromi nyingi, huilaumu mashine. Akisubu dramu ya breki yenye kingo nyeupe zilizojaa kabidi, inaweza kupasuka barabarani. Na breki ya matatu ikishindwa kwenye Barabara ya Jogoo saa ya watu kurudi nyumbani Buruburu na Umoja, haitamwuliza abiria alifaulu Kiingereza kwa alama gani.

Tumewahi pia kuipoteza nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliombwa kuunda gari la Kenya, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Sehemu ya jina lake ilikuwa ya Kiswahili. Elimu ya injini yake, kuanzia mihadhara hadi michoro, ilikuwa ya lugha nyingine. Mradi ule ulikufa kwa sababu nyingi, na sitadai kuwa lugha ndiyo iliyouua. Ninachosema ni kwamba ulipokufa haukuwaachia mafundi wa Kariobangi maandishi waliyoweza kuyasoma.

Kuwajibu wenye shaka

Wapo watakaosema kuwa Kiingereza kinatosha, kwa sababu vyuo vyote vya ufundi hufundisha kwacho. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mafundi wote wangepitia vyuoni. Walio wengi hupitia karakanani, na karakanani Kiingereza huishia kwenye majina ya vipuri.

Wapo watakaosema tungoje kamusi. Hawa wasahau kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kamusi ni ghala tu, nalo ghala halipiki chakula. Istilahi huishi pale zinapotumiwa katika sentensi, na sentensi hizo ni wajibu wetu kuziandika.

Wapo, hatimaye, watakaosema kuwa maneno ya karakana si sanifu. Fundi husema "kasti" pale ambapo kitabu kingesema chuma cha kusubu, na husema "bloki", "dramu" na "skrepa". Naafiki kwamba si kila neno la mtaani lifaa kuingia kitabuni. Lakini tukumbuke kwamba kalibu yenyewe ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayeliona geni. Mitaa hii ya Eastlands ndiyo iliyoilea Sheng, ambayo walimu wengi huilaani. Vijana wenye uwezo wa kubuni majina mapya ya pesa kila mwaka hawawezi kushindwa kukipa jina kigamba cha kinywe. Wanachokosa ni mtu wa kuwaeleza kuwa kipo.

Tufanyeje?

Nina mapendekezo matatu. La kwanza, idara zetu za Kiswahili ziwatume wanafunzi wa isimu Kariobangi, Gikomba na Kamukunji wakakusanye msamiati wa mafundi kama tunavyokusanya methali na ngano vijijini. Kazi za utafiti kuhusu lugha ya matangazo ya biashara zimetosha. La pili, tulinganishe msamiati huo na maneno ya kale ambayo bado yana nguvu, kama kusubu, kalibu, mvukuto na mhunzi, na vilevile na maneno ya majirani kama kinywe, kabla ya kutohoa kutoka Kiingereza. La tatu, wanafunzi wa Kiswahili na wale wa uhandisi wakae meza moja waandike kijitabu kimoja kifupi, chenye michoro, kuhusu chuma cha kusubu. Kijitabu hicho kiuzwe kwa bei ambayo mwanagenzi anaweza kuimudu, na kisomwe kwanza na mafundi wenyewe kabla ya kupelekwa kwa mhariri.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kwa mtu anayeshika koleo la moto ikiwa itakomea bungeni na katika hati za serikali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chuma nacho hupewa tabia yake kingali majimaji. Kikishaganda, kubadili kilichomo ndani yake ni kazi ya taabu na gharama. Kizazi cha wanagenzi kilichopo karakanani leo kingali katika hali hiyo ya kupokea umbo. Tukikaa kimya kwa kudhani kuwa sayansi si shamba letu, kitaganda bila sisi.